Trekta Likae Karakana Mpaka Lini?

Hoja: trekta jipya likitengenezwa mara mbili chini ya dhamana kwa kasoro ile ile, na kasoro hiyo ikarudi, aliyeliuza alichukue na aliyelinunua arudishiwe pesa zake.

Wanaojadili ni watatu. Wawili nimewatunga ili kila upande upate wa kuusemea: Wakala, anayesimama badala ya kampuni zinazouza matrekta kutoka Mombasa na Nairobi, na Fundi, mwenye gereji huko Ukunda. Wa tatu ni mimi Mwandishi, ninayeitetea hoja, kwa hiyo msomaji asinitegemee kuwa mwamuzi.

MWANDISHI

Anayeijua Diani kwa mahoteli na mchanga mweupe huenda akashangaa mjadala wa matrekta kutokea huku. Lakini ukitoka Ukunda ukaishika barabara ya Lunga Lunga, ukapita Gazi, Msambweni na Ramisi, uko katika nchi ya mihogo, mahindi, kunde, minazi na mikorosho. Na tangu kampuni ya sukari ya KISCOL ilipofufua kilimo cha miwa baada ya kiwanda cha zamani cha Ramisi kufungwa 1988, ni nchi ya miwa tena. Jembe la kukokotwa na ng'ombe halikuwahi kushika mizizi sana hapa. Mbung'o wa Shimba Hills wamewadhoofisha ng'ombe kwa vizazi, na si bure kwamba taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, iliichagua Kwale kujaribia kola zinazowafukuza mbung'o. Kati ya jembe la mkono na trekta, basi, hakuna daraja imara la kukanyaga. Serikali ya kaunti ililitambua hilo, na tangu enzi ya gavana Salim Mvurya imekuwa ikinunua matrekta ya kuwalimia wakulima kwa bei nafuu. Foleni ya kulingoja trekta la kaunti ndiyo inayompa mtu wazo la kukopa anunue lake, alime kwake siku mbili tatu, kisha awalimie majirani kwa malipo ya ekari. Hesabu hiyo yote imesimama juu ya wiki chache. Masika huingia mwishoni mwa Machi au Aprili na kukolea Mei. Trekta likilala karakana Aprili nzima, kulipata zima mwezi wa Juni hakurudishi kitu, kwa kuwa majirani wameshapanda kwa trekta la mwingine au kwa majembe ya mkono.

Sasa iangalie karatasi ya dhamana. Nyingi huhesabu kwa miezi na kwa saa za injini, kwa mfano miezi 12 au saa 1,000, lolote litakalotangulia. Karatasi hiyo haiyajui masika. Gia ikianza kujichomoa Aprili, muuzaji akalichukua trekta wiki sita na kulirudisha, gia ikajichomoa tena, akalichukua miezi miwili kungoja spea, kwa maneno ya karatasi yake hajavunja ahadi hata moja. Aliahidi kutengeneza, na anatengeneza. Wakati huo robo ya dhamana na ushei imeliwa trekta likiwa uani kwake mwenyewe, huku mnunuzi akiendelea kulipa mkopo wa chuma asichokitumia. Matengenezo yasiyo na kikomo huufaa upande mmoja tu, kwa sababu muda wa muuzaji hauna gharama na muda wa mkulima ndio mtaji wake. Hoja yangu inataka kikomo hicho kiwekwe, na kiwe mara mbili.

WAKALA

Ndugu Mwandishi, umezungumza kana kwamba matrekta tunawauzia malaika. Njoo uone yanavyorudi. Dereva alijifunza wiki iliyopita kwa kijana aliyejifunza mwezi uliopita. Dizeli imenunuliwa kwa madumu na ina maji. Sevisi ya kwanza ya saa 50 imerukwa kwa sababu watu wamepanga foleni na pesa ni tamu. Shamba la Pwani lina mawe ya matumbawe chini ya udongo mwembamba na visiki vya minazi ambavyo mwenyewe alivisahau; plau ikinasa, dereva anakanyaga mafuta badala ya kuinyanyua. Kisha kitu kikikatika, kampuni imeuza trekta bovu. Na hiyo sheria yako ya mara mbili itamfaa nani? Trekta likishafanya kazi saa 300 haliuziki tena kama jipya. Kila litakalorudi ni hasara ya mamilioni, na hasara hiyo tutaitandaza juu ya bei ya matrekta mengine yote. Atakayeumia ni mkulima mdogo wa Kinango ambaye angenunua mwaka kesho.

FUNDI

Bwana Wakala, matumizi mabaya yana alama zake, na wewe unazijua kuliko mimi. Maji ya dizeli huacha kutu ndani ya pampu na kwenye injekta. Injini iliyokaushwa oili huonyesha mikwaruzo kwenye beringi zake na chuma kilichobadilika rangi kwa joto. Klachi iliyosuguliwa na dereva asiyeondoa mguu huungua ikang'aa kama kioo. Hayo yote yanaonekana kifaa kikifunguliwa mara ya kwanza. Kasoro ya kiwandani ina tabia nyingine: unabadilisha beringi, inakufa tena mahali pale pale baada ya saa zinazokaribiana, kwa sababu tatizo liko kwenye nyumba yake iliyochongwa vibaya. Ninachokilalamikia ni kwamba trekta likitoka karakana yenu linakuja na karatasi isemayo limekaguliwa na liko sawa. Kilichoharibika ni nini, kwa nini, mmeweka spea gani, haisemi. Na mnunuzi akiniomba nifungue nitazame, mnasema dhamana imekufa. Kwa hiyo anayejua ugonjwa wa trekta ni yule yule anayeweza kupoteza pesa ukijulikana.

MWANDISHI

Hapo Fundi amegusa kiini, na kuna kesi iliyokwishakwenda mbali kwa jambo hilo hilo. Mwaka 2007 House of Lords, mahakama ya mwisho ya Uingereza wakati huo, iliamua shauri la J & H Ritchie dhidi ya Lloyd kutoka Uskoti. Wakulima walinunua haro ya kuendeshwa na trekta iliyounganishwa na mashine ya kupandia mbegu. Baada ya siku chache tu za kazi ikatetemeka vibaya. Wakairudisha, na muuzaji akagundua kwamba beringi mbili hazikuwekwa kabisa. Akaitengeneza, akasema sasa iko kama ilivyotoka kiwandani. Wanunuzi wakauliza: ilikuwa na nini? Muuzaji akakataa kuwaeleza, na ripoti ya mhandisi waliyoiomba hakuwapa. Wakaikataa mashine. Majaji wakawapa haki, ingawa hakuna aliyethibitisha kwamba matengenezo yenyewe yalikuwa mabaya. Aliyekubali mashine yake ikatengenezwe ana haki ya kuambiwa kasoro ilikuwa nini ili aamue kwa macho yaliyo wazi kama ataipokea tena. Mashine iliyotetemeka bila beringi zake huenda imeumiza sehemu nyingine ambazo hazitajionyesha mpaka dhamana imalizike, na msimu wa kupanda ulikuwa umepita, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuijaribu shambani.

Hebu tuyarudie maneno ya Wakala kwa mwanga huo. Kama tatizo ni dereva au dizeli chafu, kampuni ina nafasi ya kuliandika siku ya kwanza, kwa picha, kwa saa zilizosomwa kwenye mita na kwa kipande chenyewe kilichovunjika. Ikiandika hivyo na ushahidi ukasimama, hoja yangu haiigusi hata kidogo, mkulima alipe. Nisichokikubali ni lawama ya dereva inayozuka mara ya tatu, baada ya matengenezo mawili yaliyofanywa bure bila neno. Kampuni iliyotengeneza bure mara mbili imekwishakiri kwa vitendo kwamba kasoro ni yake. Wakala anaweza kusema ilikuwa ukarimu tu kwa mteja. Sawa, basi ukarimu huo nao uandikwe kwenye karatasi ya kazi.

Kuhusu bei kupanda, sibishi kwamba gharama ya matrekta mabovu lazima imwangukie mtu. Leo inamwangukia mnunuzi mmoja mzima mzima: anapoteza msimu, analipa riba, mwishowe labda anauziwa trekta lake na benki. Ikitandazwa juu ya wanunuzi wote, kila mmoja anabeba kidogo, na muuzaji anapata sababu ya kukikaba koo kiwanda kilichomletea gia mbovu. Afrika Kusini walilipima jambo hili. Sheria yao ya kuwalinda watumiaji, ya 2008, inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha kitu chenye kasoro na kuchagua mwenyewe kati ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa. Na kikitengenezwa kisha ndani ya miezi mitatu kasoro ikabaki au ikazuka nyingine, muuzaji hana tena ruhusa ya kujaribu kutengeneza: abadilishe au arudishe pesa. Kikomo chao ni kikali kuliko changu, kwa kuwa wanatoa nafasi moja. Haki ya muuzaji naitambua mahali pamoja tu, tena kwa moyo mweupe: trekta lililolima saa 300 vizuri kabla ya kuharibika limempa mwenyewe faida, na thamani ya saa hizo ikatwe kwenye pesa zinazorudishwa. Mita ipo, hesabu haina ugumu.

WAKALA

Hizo ni sheria za watu. Hapa Kenya tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, na wakili wetu anaijua. Mteja aliyelipokea trekta, akalitumia, akalirudisha, akalipokea tena na kulitumia, amelikubali. Aliyelikubali halirudishi, anadai fidia tu. Halafu mnazungumza juu ya haki za watumiaji, kumbe mteja mwenyewe ni mfanyabiashara anayelimia watu kwa pesa. Isitoshe, sisi hatuundi matrekta. Tumepeleka malalamiko kiwandani, kiwanda hakijajibu. Mnataka tufanye nini?

MWANDISHI

Katika maneno hayo kuna kweli moja kubwa, na afadhali mkulima aisikie kutoka kwa mtu wa upande wake kabla hajaisikia mahakamani. Sura ya 31 imefuata sheria ya Uingereza ya 1893. Waingereza waliongeza mwaka 1994 kifungu kinachosema kwamba kuomba kitu kitengenezwe peke yake hakuhesabiwi kuwa umekikubali. Sheria yetu haikuongezewa maneno hayo. Anayenyamaza huku trekta likienda na kurudi anajiweka hatarini, na upole ambao sisi watu wa Pwani tunausifu, ule wa kumpa mwenzio nafasi nyingine na nyingine tena, mbele ya sheria unaweza kusomeka kama ridhaa. Tiba yake ni barua. Siku trekta linapochukuliwa, mnunuzi aandike kwamba analitoa likakaguliwe na kutengenezwa, kwamba hajaikubali kasoro hiyo wala kuiacha haki yake ya kulikataa trekta, na kwamba anataka ripoti ya maandishi kabla ya kulipokea. Aweke tarehe, aandike saa zilizosomwa kwenye mita, abaki na nakala iliyogongwa muhuri au ujumbe wa simu unaoonyesha umesomwa. Likirudi na kasoro ile ile, barua ya pili itaje siku ya mwisho. Matengenezo ya tatu yasianze ila kwa makubaliano mapya: trekta la kuazima wakati wa msimu, na dhamana isimame kuhesabu mpaka lile lake litoke karakana. Bila hilo, alikatae kwa barua na asilitumie tena, maana kulilimisha jioni ya siku uliyolikataa ni kuipasua barua yako mwenyewe.

Hilo la mfanyabiashara lina nguvu kidogo kuliko linavyosikika. Kifungu cha 16 cha Sura hiyo hiyo ya 31 kinasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokitakia kitu, akategemea ujuzi wa muuzaji ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kitu hicho sharti kiifae kazi ile kwa kiwango kinachostahili. Hakimuulizi mnunuzi kama ananunua kwa ajili ya nyumba yake au biashara yake. Juu ya hapo kuna Katiba ya 2010, ambayo ibara yake ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro, na inasema wazi kwamba inahusu bidhaa na huduma za taasisi za umma na za watu binafsi pia. Kuna na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Kama Wakala anataka kubishana kwamba mwenye trekta moja la Msambweni hamo katika sheria hizo za watumiaji, na abishane. Kifungu cha 16 bado kinamngoja.

Na kiwanda kisichojibu? Tanzania wamelipa ada ya somo hilo. Mwaka 2015 shirika la serikali la NDC liliingia mkataba na kampuni ya Ursus ya Poland, kwa mkopo wa dola milioni 55, wa matrekta 2,400 ya kuunganishwa Kibaha. Yalikuja sehemu tu. Wakulima walioyachukua wakalalamika juu ya ubora na spea, na Ursus yenyewe ikaanguka kifedha nyumbani kwake hadi kutangazwa muflisi 2021. Mkulima wa Dodoma hakuwa na njia ya kwenda Poland kudai gia. Aliyemjua yeye ni yule aliyempa trekta na kupokea pesa, na ndivyo sheria ya mauzo inavyotaka: mkataba wa mkulima wa Kwale ni baina yake na muuzaji. Muuzaji naye ana mkataba wake na kiwanda, ana wakili wake, ana oda za mwaka ujao za kutishia nazo. Akishindwa yeye kukifikia kiwanda, mwenye ekari kumi Ramisi atakifikia vipi?

FUNDI

Mimi nauliza juu ya vitu viwili. Kwanza, hizo pesa za kulimia watu zilizopotea, anazipata nani? Pili, mbona mnaniruka? Nikifungua sanduku la gia mbele ya mnunuzi nikaandika nilichoona, mnasema nimeua dhamana.

MWANDISHI

La pili nalipitia haraka. Marekani mvutano huo umefika mbali: Colorado ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwalazimisha watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima na mafundi huru vifaa na maelezo ya kutengenezea, na Januari 2025 tume ya biashara ya huko, FTC, ikaishtaki kampuni ya matrekta ya Deere kwa kuyafungia matengenezo ndani ya programu zake. Matrekta mengi ya huku bado ni ya chuma na spana, lakini ya kompyuta yanakuja. Kwa leo ushauri wangu kwa Fundi ni wa tahadhari: asifungue peke yake. Mnunuzi aiite kampuni kwa barua, aitaje siku, na Fundi asimame pembeni akiandika na kupiga picha wakati fundi wao anafungua. Toka barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe, mtu wa kampuni hana tena kisingizio cha foleni ya feri ya Likoni.

La kwanza ndilo linalowaumiza wengi, nalo huamuliwa siku ya kununua. Mahakama zetu bado zinafuata kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854, ya kinu cha Gloucester kilichovunjikiwa mhimili. Mchukuzi alichelewa kuufikisha kwa waundaji wa mwingine, kinu kikasimama, na wenye kinu wakakosa fidia ya faida waliyoipoteza, kwa kuwa haikuonekana kwamba mchukuzi alijua kuwa bila mhimili ule kazi yote imelala. Anayenunua trekta Februari aandike basi kwenye oda yenyewe kwamba ni la kulimia watu kwa malipo kuanzia masika ya mwaka huo. Sentensi moja hiyo inafanya kazi mbili, ile ya kifungu cha 16 na hii ya faida iliyopotea. Kisha awe na daftari la waliojiandikisha kulimiwa, kwa jina, ekari na bei, lenye tarehe za kabla ya trekta kuharibika. Hakimu hatoi fidia kwa ndoto. Dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria yake inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Bei yote ya trekta itapita kiwango hicho na kwenda mahakama ya juu yake, na huko mwendo ni mwingine.

Wakala atafurahi kusikia kwamba kuna jambo moja namkataza mkulima kabisa: asiache kulipa benki. Mkopo ni mkataba wa pili, benki haikuuza gia, na chini ya sheria ya 2017 ya rehani za mali zinazohamishika inaweza kulichukua trekta lenyewe, bovu vile vile. Likishachukuliwa, ushahidi umeondoka nalo. Aiarifu benki kwa maandishi na kuomba ahueni, huku akiendelea kulipa anachoweza.

WAKALA

Na wale wenye matrekta yaliyokwishakaa uani miaka, bila barua hata moja? Hao nao utawafundisha kuturudishia?

MWANDISHI

Hao kulirudisha trekta kumeshawaponyoka, wengi wao, na sitawadanganya. Walichobakiwa nacho ni dai la fidia kwa kuvunjwa mkataba, na Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22, inatoa miaka sita. Muda huo huanza trekta linapokabidhiwa likiwa na kasoro yake, na hausimami kwa sababu fundi wa kampuni ameahidi kuja wiki ijayo. Aliyekabidhiwa Machi 2022 ana hadi Machi 2028. Aanze kwa kuiandikia kampuni akitaka nakala za karatasi zote za kazi zilizofanywa juu ya trekta lake, kwa namba ya chesisi.